Mashine ya mchezo yenye picha ya Spider-Man: inalipa au hailipi?

Swali limetoka kwa msikilizaji mwenye mgahawa Kamachumu, wilayani Muleba. Mwanawe ameona kwenye simu tangazo la mashine ya mchezo iliyochorwa Spider-Man kila upande. Muuzaji yuko Dar es Salaam na anataka Sh 4,500,000. Kijana anasema ikifika mgahawani watu watajaa hadi usiku. Mama hana fedha hiyo mkononi, lakini kahawa yake imechanua kibanjani, na kuna mtu yuko tayari kumlipa sasa hivi. Anauliza kama ni biashara ya kuingia.

Tuliona swali hili halimhusu yeye peke yake. Tangu simu zifike kila kitongoji, matangazo ya mashine, mtambo huu na ule, yanatufikia kabla hatujajua kitu chenyewe kinafanyaje kazi. Kwa hiyo tulichukue taratibu.

Mashine yenyewe inaitwa pinboli. Huku kwetu ni nadra kuionekana, kwa hiyo usione aibu kama hujawahi kuigusa. Ni kasha refu kama meza, limeinama kidogo kuelekea kwa mchezaji, limefunikwa kioo juu. Ndani kuna gololi ya chuma. Unavuta kishikio chenye springi, gololi inarushwa juu, inagonga vikwazo, taa zinawaka, kengele zinalia, alama zinahesabiwa. Ikishuka chini unabonyeza vitufe viwili vya pembeni, na vibawa viwili vidogo vinaipiga irudi juu. Ikipita katikati ya vibawa, imepotea. Kwa kawaida ukilipa mara moja unapewa gololi tatu.

Hizo picha za mashujaa wa filamu si jambo la jana. Kampuni ya Gottlieb ya Marekani ilitoa pinboli ya Hulk mwaka 1979 na ya Spider-Man mwaka 1980. Kampuni ya Stern, ambayo ndiyo kubwa zaidi leo na iko jirani na Chicago, ilitoa Spider-Man yake mwaka 2007, ikafuata na X-Men na Avengers mwaka 2012, halafu Deadpool mwaka 2018. Kutumia jina na sura ya shujaa wa namna hiyo mtengenezaji hulipia kibali kwa mwenye haki, na gharama hiyo imo ndani ya bei. Kwa maneno mengine, unaponunua mashine yenye Spider-Man, sehemu ya fedha yako inalipia mchoro.

Kule Marekani na Ulaya mchoro huo una maana, kwa sababu wapo watu wanaokusanya mashine hizi majumbani na wako tayari kulipa zaidi kwa ajili ya shujaa wanayempenda. Muleba hakuna mkusanyaji. Mteja wako ni kijana aliyemaliza kupakia ndizi, dereva wa bodaboda anayesubiri abiria, mwalimu aliyepita kunywa chai. Huyo atavutwa na Spider-Man siku ya kwanza, labda wiki ya kwanza. Wiki ya tatu atarudi kwa sababu mchezo ni mtamu na bei yake haimuumi, au hatarudi kabisa.

Bei hiyo inatuambia nini

Pinboli mpya ya Stern, ile ya daraja la kawaida, huuzwa Marekani kwa karibu dola 7,000. Tukikadiria dola moja kwa Sh 2,500, hiyo ni Sh 17,500,000 kabla ya meli na ushuru. Hata zilizotumika, kama ni nzima na zina jina kubwa, huuzwa kwa maelfu ya dola. Sasa mtu akikupa Spider-Man kwa Sh 4,500,000, swali la kwanza ni kwa nini iko chini hivyo.

Inawezekana ni kuukuu sana. Inawezekana ni mbovu na muuzaji anajua. Na kuna uwezekano wa tatu ambao picha ya kwenye simu haiwezi kukuonyesha: si pinboli kamili. Kampuni ya Arcade1Up, kwa mfano, imewahi kuuza kasha dogo lenye michoro ya mashujaa wa Marvel ambalo ndani hakuna gololi wala vibawa. Kuna skrini iliyolazwa, na gololi unayoiona ni picha tu. Lilitengenezwa kwa ajili ya sebuleni, watoto wa nyumba moja, na jipya lenyewe lilikuwa la mamia ya dola. Stern nao wametengeneza matoleo ya nyumbani yasiyo na mlango wa sarafu. Ukiliweka kasha la namna hiyo kwenye mgahawa, lipigwe ngumi na vijana ishirini kwa siku, halitafika Krismasi.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Pinboli kamili ni nzito, huwa na zaidi ya kilo 100, watu wawili wenye nguvu wanahema kuinyanyua. Ina miguu minne ya chuma, ina mlango wa chuma mbele wenye tundu la sarafu, na ukifungua kioo unaweza kuishika gololi kwa vidole. Muulize muuzaji uzito. Akibabaika, umepata jibu.

Hesabu ya mgahawani

Tuifanye hesabu hii kama mfano, wewe uibadilishe kwa namba za kwako. Mashine Sh 4,500,000. Kuifunga vizuri na kuisafirisha kutoka Dar es Salaam mpaka Muleba kwa lori, tuweke Sh 400,000. Umeshatumia Sh 4,900,000 na hujapokea shilingi.

Mchezo mmoja tuuze Sh 300. Tuseme kwa siku wanacheza mara 20, hiyo ni Sh 6,000. Mashine ya namna hii hula umeme wa takriban wati 300. Ikiwaka saa nane ni uniti 2.4, na kwa bei ya Sh 356 kwa uniti unalipa kama Sh 850 kwa siku. Kijana wa kuiangalia mpe Sh 2,000. Zimebaki Sh 3,150. Kwa siku 26 za mwezi ni Sh 81,900. Toa Sh 20,000 za matengenezo madogo, zinabaki Sh 61,900.

Gawanya Sh 4,900,000 kwa Sh 61,900. Ni miezi 79. Miaka sita na nusu ndiyo fedha yako irudi, kama haijaharibika, kama hakuna aliyefungua mashine ya pili jirani, na kama vijana hawajaichoka.

Mtu atasema michezo 20 ni michache. Sawa, tuweke 40 kila siku, masika na kiangazi. Unafika karibu Sh 218,000 kwa mwezi, na fedha inarudi baada ya miezi 22 na zaidi kidogo. Hilo si baya kwenye karatasi. Lakini jiulize ni kituo gani cha Muleba chenye watu 40 wa kutoa Sh 300 kila siku Januari na Februari, kabla kahawa haijaanza kuvunwa na wazazi ndio kwanza wametoka kuhangaika na mahitaji ya shule.

Linganisha na meza ya pool, ambayo kila mtu anaijua. Tuseme umeipata kwa Sh 1,200,000. Michezo ileile 20, bei ileile Sh 300. Umeme ni wa taa tu, weka Sh 200. Kijana Sh 2,000. Matengenezo Sh 15,000 kwa mwezi, maana kitambaa huchanika na fimbo huvunjika. Unabaki na Sh 83,800 kwa mwezi, na meza imejilipa kwa miezi 14 na kitu. Na siku ukitaka kuiuza, utapata mnunuzi Nshamba, Kemondo au Biharamulo ndani ya wiki. Pinboli utamuuzia nani?

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hailionyeshi. Pool inachezwa na wawili, na waliosimama wanatazama, wanacheka, wanasubiri zamu, wanaagiza chai na sambusa. Mara nyingi anayefungwa ndiye anayelipa, kwa hiyo mshindi anabaki mezani na mwingine anakuja kumtoa. Mchezo mmoja unaweza kwenda dakika kumi au kumi na tano. Kwa mama mwenye mgahawa, faida iko kwenye hizo dakika, kwa sababu anauza chakula.

Pinboli ni mtu na mashine. Wanaweza kupokezana hadi wanne, lakini anayecheza ni mmoja. Anayeanza hupoteza gololi zote tatu ndani ya dakika mbili au tatu, na hajaelewa kilichotokea. Ametoa Sh 300. Huyo kijana amekwishawahi kuliwa hela na dubwi, anaijua hiyo hasira. Atasema mashine inaiba. Kumbe mchezo unataka mazoezi, lakini nani atamlipia mazoezi?

Kijiti hiki pia kinahusu sheria

Ubishi wa kama pinboli ni ujuzi au bahati una historia yake. Jiji la New York liliipiga marufuku mwaka 1942, wakati wa meya Fiorello La Guardia, kwa hoja kwamba ni kamari inayomaliza senti za watoto. Wakati huo mashine hazikuwa na vibawa, unarusha gololi na kuomba Mungu. Vibawa vilianza kuwekwa mwaka 1947. Hata hivyo marufuku ilidumu hadi 1976, pale mchezaji Roger Sharpe alipoitwa mbele ya halmashauri ya jiji, akawaonyesha gololi itapita wapi kabla hajaipiga, ikapita hapohapo. Wakaridhika kwamba ni ujuzi.

Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na msimamizi ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Mashine inayompa mchezaji nafasi ya kushinda fedha, kama dubwi, ni lazima iwe na leseni ya Bodi, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuicheza. Pinboli ya kawaida hailipi fedha, mtu anapata alama na furaha tu. Lakini ukianza kuweka zawadi, hata kreti ya soda kwa mwenye alama nyingi za wiki, umeanza kusogea kwenye eneo jingine. Waulize Bodi kwanza. Na kwa biashara ya kawaida, pita kwa afisa biashara wa halmashauri yako ujue leseni yako ya mgahawa inaruhusu mashine ya mchezo au unahitaji nyingine. Ni safari ya siku moja, na ni nafuu kuliko faini.

Watoto ni suala la peke yake. Picha ya Spider-Man itawaleta wao kwanza, maana wanamjua kutoka vibanda umiza na kwenye simu za kaka zao. Mtoto wa darasa la tano akionekana kwako saa nne asubuhi akiwa na sare, mtendaji wa kijiji atakuja, na atakuwa na haki. Mashine ambayo mvuto wake mkubwa uko kwa mteja ambaye hapaswi kuwepo mchana na hana fedha jioni ina kasoro kibiashara, hata uichore vizuri namna gani.

Kuhusu kahawa

Hapa nitasema bila kuzunguka. Kuuza kahawa ingali maua, yaani butura, ili kununua mashine hii, ni kununua hasara mara mbili. Anayekulipa leo anakulipa bei yake, si ya msimu. Kahawa ya mkoa wetu huanza kuvunwa kuanzia Mei, na ikipelekwa kwenye chama cha msingi ikiwa imekauka vizuri inapata bei ya msimu. Tofauti kati ya bei hizo mbili ndiyo faida ya mwaka mzima wa kupalilia na kuweka matandazo. Serikali imepiga vita butura kwa miaka mingi, na bado ipo, kwa sababu shida huja kabla ya mavuno. Ada ya shule ni shida. Mgonjwa ni shida. Mashine yenye taa inaweza kusubiri hadi Septemba, na kama muuzaji anasema haiwezi, mwache auze kwa mwingine.

Kama kijana anataka kweli mchezo pale mgahawani, wapo watu wenye meza za pool wanaoziweka kwenye baa na maduka ya wengine kwa makubaliano ya kugawana mapato. Mwenye meza analeta, mwenye eneo anatoa nafasi na uangalizi, jioni wanahesabu pamoja. Aanze hivyo miezi mitatu, aandike kwenye daftari kila siku ilicheza mara ngapi. Daftari hilo litamwambia zaidi kuliko tangazo lolote. Na kama ni Spider-Man anayetakiwa, kuna michezo yake kwenye PlayStation. Televisheni na PlayStation iliyotumika vinabadilishwa mchezo bila kubadilisha mashine, na mafundi wake Bukoba wapo.

Panapoweza kulipa

Sisemi pinboli haifai popote mkoani. Bukoba mjini, kwenye hoteli za ufukweni ambako watu wanakuja mwisho wa wiki na hawahesabu Sh 1,000, inaweza kukaa vizuri pembeni ya baa. Desemba ndugu zetu wanaporudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na nje ya nchi kula sikukuu nyumbani, wako na watoto na wanatafuta kitu cha kufanya. Mwenye hoteli hategemei mashine ijilipe yenyewe. Anataka mgeni akae saa moja zaidi. Hiyo ni hesabu tofauti na ya mgahawa wa Kamachumu, na kwake bei ya mchoro inaweza kuwa na maana.

Kama wewe ni huyo, basi kabla ya kulipa mtafute mtu unayemwamini aliyeko Dar es Salaam aende kuiona ikichezwa, si ikiwashwa tu. Icheze saa nzima. Mashine nyingi mbovu hufanya kazi dakika kumi za mwanzo, zikipata joto vibawa vinalegea.

Atazame kibati cha nyuma kinachoonyesha umeme. Mashine iliyotoka Marekani mara nyingi imepangwa kwa volti 110 hadi 120, na sisi tunatumia 230. Nyingi zinaweza kubadilishwa ndani na fundi anayejua, lakini ukiichomeka ilivyo utanusa moshi. Hata ikishabadilishwa inunulie kidhibiti cha umeme, maana kukatika na kurudi kwa nguvu kunaua bodi za ndani, na bodi moja ya kuagiza inaweza kula faida ya miezi.

Tundu la sarafu nalo limetengenezwa kwa sarafu za huko. Sarafu yetu ya Sh 200 au Sh 500 haitatambuliwa hadi sehemu hiyo ibadilishwe. Njia nyepesi ni kumpa mhudumu fedha mkononi naye aongeze mchezo kwa kitufe cha ndani, lakini basi unahitaji mhudumu mwaminifu.

Aulize vipuri. Raba za kuzungushia vikwazo hukauka na kukatika, koili za vibawa huungua, fyuzi hukatika. Raba na koili huagizwa nje. Muuzaji mkweli atakuongezea pakiti ya akiba. Chini ya kasha amulike na tochi kama kuna mchwa, kwa sababu ni mbao za tabaka, na kwa unyevu wa Bukoba mashine isikae juu ya sakafu ya udongo wala karibu na dirisha linaloingiza mvua. Gololi zikiwa na kutu zibadilishwe mara moja, la sivyo zinakwaruza ubao wa mchezo kama msasa.

Mwisho afungue kasha la kichwani, kule nyuma ya picha ya Spider-Man. Mashine za zamani zina betri ndogo kwenye bodi za kutunzia alama. Zikisahaulika zinavuja maji makali yanayokula nyaya. Akiona ungaunga wa kijani au mweupe kuzunguka betri, afunge kasha, aage kwa heshima, arudi nyumbani.